Sinema ya Breki

Shemegi yangu anasema kosa lilikuwa langu. Mimi nasema lilikuwa lake. Mke wangu anasema lilikuwa la mtoto, na nikikaa nikafikiri naona yeye ndiye aliye karibu zaidi na ukweli, ila mtoto mwenyewe ana miaka mitano, hana pesa ya kunilipa.

Gari yetu ni Noah ya mtumba. Imekuja kutoka Japani na redio yake, ile inayoishia masafa ya 90, kwa hiyo stesheni nyingi za hapa haizijui kabisa. Kila ukiiwasha, kuna mwanamke ndani ya dashbodi anayesema maneno yake kumi ya Kijapani kisha ananyamaza. Sijui anasema nini. Mama mkwe wangu huwa anamuitikia: "Marahaba."

Sasa mwaka ule mkwe alikuwa kwetu Fuoni wiki mbili, amekuja kwa ajili ya macho, na siku zote mbili za mwanzo alikuwa anauliza lini atarudi kwake. Mjini hapakai, anasema, kelele nyingi. Tukakubaliana tumrudishe Makunduchi asubuhi ya Mwaka Kogwa, ile sherehe ya mwaka mpya ya huko, na sisi tukale sikukuu huko huko. Ni kilomita zaidi ya 50, na mimi nina watoto watatu ambao wanauliza "tumefika?" kila nguzo ya umeme. Ndipo nikanunua zile televisheni mbili za inchi 10, za kufunga nyuma ya vichwa vya viti vya mbele. Aliyeniuzia alizitoa kwenye gari nyingine. Kwa nini alizitoa, sikuuliza.

Fundi alitaka elfu tisini. Nikamwambia mbona pesa nyingi, waya wenyewe miwili, mwekundu na mweusi? Akanieleza vizuri tu, nisimsingizie: mweusi unafungwa kwenye bodi ya gari popote, lakini mwekundu unataka umeme wa ACC, ule unaokuja ukizungusha funguo nukta moja na kuondoka ukitoa funguo. Umeme huo uko nyuma ya redio, kwa hiyo lazima dashbodi ifunguliwe. Nikamshukuru, nikaenda zangu kwa shemegi.

"Yakhe, umeme ni umeme," alisema shemegi. "Elfu tisini za nini? Waya zote za nyuma zinapita chini ya kizingiti cha mlango. Tunachagua mmoja."

Tukachagua.

Jioni ile ilikuwa hivi. Shemegi amepiga magoti kwenye mlango wa nyuma, amebandua plastiki ya kizingiti, mkononi ana testa, ile yenye balbu ndani na ncha kama sindano. Mimi nimesimama kwenye mlango wa dereva, mkono kwenye funguo, kusubiri amri. Na kwenye kiti cha dereva yuko mwanangu mdogo, anaendesha. Yaani ameshika usukani kwa mikono miwili, amesimama kwa miguu yote miwili juu ya breki, mdomo unanguruma kama lori la mchanga. Hakuna aliyemkataza. Akiwa pale, angalau hagusi bisibisi.

"Tia funguo!"

Nikatia. Yule Mjapani akaamkia. Shemegi akachoma waya wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu, wa kijani wenye mstari mweupe, testa ikawaka pwaa!

"Huu hapa!" Akaumenya, akausokotea ule mwekundu, akazungusha tepu nyeusi mara nne. Televisheni zote mbili zikawaka. Kwanza likatokea ua jekundu linalozunguka, sekunde sita nzima, kisha picha. Tulipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Mkwe naye akatokeza barazani, akatazama, akasema: "Gari ni ya kusafiria. Mkitaka televisheni ipo ukumbini." Akarudi ndani.

Mke wangu akamwita mtoto akaoge aende chuo cha Qurani. Mtoto akaruka chini, na mimi sekunde ileile nikatoa funguo. Televisheni zikazima.

"Unaona?" shemegi akasema, anafuta mikono. "Ukitoa funguo zinazima. ACC hiyohiyo."

Hebu niambieni, nani angejua?

Asubuhi tukapakia. Mchele, dumu la mafuta, mkoba wa mkwe, na kibao cha mbuzi kipya alichokinunua Darajani, kwa sababu cha kwake meno yameisha. Mkwe akakaa nyuma yangu, watoto ubavuni kwake na kiti cha mwisho, mke wangu mbele. Nikachomeka flashi ya shemegi, aliyeniapia kwamba ameijaza katuni. Nikarudi nyuma polepole kutoka uwani, mguu kwenye breki, na ua likazunguka. Watoto wakashangilia. Nikatoka barabarani, nikakanyaga mafuta. Giza.

"Baba, imezima!"

Nikampigia shemegi. Akasema waya imelegea, gongagonga. Mke wangu akageuka, akagonga kichwa cha kiti changu kama anayebisha hodi kwa wadeni. Wapi. Tukafika Mwanakwerekwe, foleni imesimama, nami nimesimama, ghafla zikawaka. Mke wangu akapewa sifa zote. Tukakaa kwenye foleni ile dakika kumi na tano, na ndiyo siku pekee niliyowahi kusikia watoto wangu wakiomba foleni isiishe.

Katuni hazikuwepo. Ilikuwa picha ya Kihindi, tena iliyotafsiriwa. Mnazijua, jamaa mmoja anasema sauti zote peke yake, ya mama, ya mtoto, ya polisi na ya ng'ombe ikibidi. Mama mmoja kipofu amepotezana na mwanawe kwenye mafuriko, kila mmoja amebaki na nusu ya mkufu. Watoto wakanuna kidogo, kisha wakanyamaza. Mimi nikasema alhamdulillahi.

Foleni ikaachia. Giza.

Aliyegundua ni binti yangu mkubwa, ana miaka kumi na moja, na tulikuwa tumeshafika Tunguu. "Baba," akasema, "inawaka ukifunga breki." Nikamwambia haiwezekani. Nikafunga breki. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita: yule mama kipofu anapapasa ukuta. Nikaachia. Giza. Nikafunga. Ua. Ndipo nikamuona mwanangu wa mwisho kwenye kioo, nikamkumbuka amesimama juu ya breki ananguruma, na elfu tisini zikapita mbele ya macho yangu moja moja.

Shemegi alikuwa ametufungia televisheni kwenye waya wa taa za breki.

Ningeweza kusimama nikazikata palepale. Nataka mjue kwamba nilifikiria. Lakini watoto walishaanza: "Baba funga! Baba funga!" Nikifunga kidogo, linatoka ua tu, ili waone picha lazima nishikilie zaidi ya sekunde sita, na gari gani inafunga breki sekunde ishirini kwenye barabara nyeupe? Nyuma yangu kulikuwa na daladala ya 310, ambayo kila mara ilikuwa inaona taa zangu zinawaka, inapunguza, zinazima, inaongeza. Mwisho ikanipita, na utingo akaning'inia mlangoni akaniuliza kama nimekula nini asubuhi.

Halafu nikasikia nyuma yangu sauti ndogo ya zipu. Nikatupa jicho kwenye kioo. Mkwe alikuwa anatoa miwani yake. Hii miwani ni ya kusomea msahafu. Katika miaka kumi na mitatu ya ndoa yangu sijapata kumuona anaivaa kwa jambo jingine.

"Mwanangu," akasema, taratibu.

"Naam, mama."

"Mbona unakwenda mbio?"

Nilikuwa kwenye hamsini. Nikapunguza. Akashukuru. Kidogo tena: "Mwanangu, yale si machungwa? Hebu simama tuulize bei." Tukasimama. Machungwa akauliza binti yangu, kwa sababu bibi yake alikuwa anatazama mbele, moja kwa moja, kwenye kichwa cha kiti changu. Tulipofika Jozani, akataka watoto waone kima punju, maana hawapatikani popote ila visiwani kwetu, na ni aibu mtoto wa Unguja asiwajue. Kweli kabisa. Pale barabara imewekewa matuta ili magari yasiwagonge, na kila tuta mimi ni breki, na kila breki ni ua. Punju wawili walikuwa juu ya mti wanakula majani, wametutazama kwa makini. Ndani ya gari hakuna aliyewatazama wao.

Mimi na yeye hatukuwahi kulisema. Yeye hawezi kuniambia nisimame atazame picha ya Kihindi, baada ya maneno yale ya barazani; na mimi, mkwe akisema simama, nitamwambia nini? Kwa hiyo alikuwa anaona kisima, anaona jamaa, anaona mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Tulimsimamia na mbuzi.

Mbele ya Kitogani askari wa barabarani akatuinulia mkono. Alituona kwa mbali, gari inasita kila hatua mia.

"Breki zako zina nini?"

"Nzima, afande."

"Kanyaga nione taa." Akaenda nyuma. Nikakanyaga. Zikahesabiwa sita, kisha yule jamaa mmoja mwenye sauti zote akaanza kulia kwa sauti ya mama. Askari akarudi ubavuni, akainamisha kichwa dirishani. Mtoto wa kwenye picha ameshakuwa mtu mzima, ni polisi, na yuko njiani kwenda kumkamata mama yake mwenyewe bila kumjua.

Nikaachia mguu. Giza.

"Kanyaga," akasema askari.

"Umeshaziona taa, afande."

"Kanyaga, nakagua."

"Mwache akague, mwanangu," akasema mkwe. "Ndiyo kazi yake."

Alikagua kama dakika saba. Magari mengine yalipita tu. Mwisho akatuachia, akaniambia nende kwa fundi nikatenganishe hizo waya, kisha akamuinamia mkwe: "Shikamoo mama. Ule mkufu, yeye anao?"

"Anao. Mfukoni," akasema mkwe, na hapo ndipo siri ilipokwisha.

Tukafika Makunduchi karibu na adhuhuri. Watoto wakatoka mbio, mke wangu akaingia kwa jamaa, watu wanateremka uwanja wa Kae Pwani wamebeba mabua ya migomba begani kwa ajili ya kupigana. Mimi mwenyewe nina mtu wangu kule, binamu ya mke wangu, aliyenichapa mwaka wa nyuma hata sikuinua mkono, na nilikuwa nimemuwekea nia. Mkwe hakushuka. Aliketi, mkoba mapajani, miwani usoni.

"Nimechoka na safari," akasema. "Acha nipumzike kidogo humu."

Nikazima gari. Nikakaa. Nikakanyaga breki.

Baada ya nusu saa mguu ulikuwa unatetemeka peke yake. Kwa mbali nasikia wanawake wanaimba na wanaume wanapigwa. Nikajaribu jiwe, likateleza. Nikajaribu dumu la mafuta, refu. Mwisho nikachukua kile kibao cha mbuzi, nikakikunja, nikaegemeza mguu wake mmoja kwenye kiti na upande wa pili kwenye pedeli, meno yametazama chini. Kikakaa kama kimetengenezewa Japani. Nikatoka, nikajinyoosha, nikaanza kuteremka mbio.

Nilikuta mabua yameshatupwa na kibanda cha makuti kinawaka. Binamu ya mke wangu alikuwa amekaa chini anakunywa maji, amevimba jicho, na aliyemvimbisha si mimi. Watu walikuwa wanabishana moshi umeelekea wapi. Nilimsahau mkwe, niliusahau mguu, nilisahau kwamba balbu za breki ni wati 21 kila moja, ziko nyuma zinawaka mchana kweupe kwa ajili ya mtu yeyote, pamoja na televisheni mbili, juu ya betri niliyokuwa naahidi kuibadilisha tangu Ramadhani.

Niliporudi, mkwe alikuwa amesimama nje ya gari, mikono nyuma.

"Limekwisha?" nikauliza.

"Ndiyo kwanza ameutoa mkufu mfukoni," akasema. "Gari lako likafumba macho."

Nikazungusha funguo. Hata yule Mjapani hakuamka. Na gari ya otomatiki huisukumi ikawaka, kwa hiyo tulitafuta mtu mwenye waya za kuazimia moto, naye tukampata baada ya Alasiri, amelala. Noah ikanguruma. Mkwe akaingia haraka kabla hata sijafunga boneti, akakaa, nami nikakanyaga. Ua likazunguka. Mkufu ukatoka mfukoni, mama akanyoosha mkono kuupapasa, jamaa wa sauti zote akavuta pumzi, na maandishi yakatokea: MWISHO WA SEHEMU YA KWANZA.

Nilimpigia shemegi mbele yake. Akasema sehemu ya pili anayo, iko kwenye kompyuta yake, Fuoni.

Magharibi tulipokuwa tunaaga, watoto wamelala, mke wangu anahesabu viatu, mkwe akatoka ndani na mkoba wake uleule aliokuja nao asubuhi.

"Nimeona niwasindikize," akasema. "Usiku, na hiyo betri."

Akakaa nyuma yangu. Nikawasha gari, yule mwanamke akaamkia, mkwe akamuitikia marahaba, nikasikia zipu.