TBC na maswali isiyouliza

Ubishi wa siasa ukipamba moto kwenye vijiwe vya hapa Mwanza, haupiti muda mtu anatoa ile kauli ya kufungia kazi, akiibeza TBC, shirika la utangazaji la serikali: "Hiyo si umeiona TBC? Achana nayo bwana." Wa upande wa pili naye anajibu kwamba hata hao BBC unaowaabudu wanalipwa na serikali yao. Basi, kila mmoja anaondoka akijiona mshindi. Mimi naona wote wawili wameishia njiani. Kujua nani analipa mishahara ni mwanzo tu. Nataka kujua kama mwandishi anaweza kumuuliza anayemlipa swali la kukera, na kesho yake akaingia kazini kama kawaida.

Twende pale bandari ya Mwanza Kusini. Ujenzi wa MV Mwanza ulianza 2019, meli ya abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, na ziwa hili linaihitaji, hilo halina ubishi. Ikashushwa majini Februari 2023. Kabla ya hapo na hata baada ya hapo, habari zake kwenye televisheni ya taifa zilikuwa ni zile zile. Msafara unaingia, wageni wanavalishwa kofia ngumu, mtaalamu ananyoosha kidole kuelekea juu ya meli, kipaza sauti kinasogezwa, asilimia inatajwa. Themanini na kitu. Tisini na kitu. Tisini na kitu nyingine, imeongezeka kidogo. Kiongozi anasema ameridhishwa na kasi, habari imeisha, tunaenda michezoni. Huwezi kusema wamedanganya, asilimia huenda ilikuwa sahihi kabisa siku hiyo. Ila sikumbuki kumsikia mwandishi akimgeukia mtaalamu na kumwambia: mara ya mwisho mlitutajia tarehe, imekuwaje? Na huku kuchelewa kumetugharimu shilingi ngapi?

Ndiyo maana neno "propaganda" wanalolitupa watu naona linakosa shabaha. Anayesubiri kuikamata TBC ikisema uongo wa mchana kweupe atasubiri sana. Tatizo liko kwenye yale inayoyapita kimya kimya.

Kufikia Mei 2020 takwimu za korona zilizotangazwa nchini zilikuwa wagonjwa 509, vifo 21. Baada ya hapo namba zikakatika kwa zaidi ya mwaka. Kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku sikuwahi kusikia mtu akiuliza zimekwenda wapi. Machi 2021 Rais Magufuli alikuwa hajaonekana hadharani tangu Februari 27, mitaani hakuna mazungumzo mengine, na Waziri Mkuu akasema Machi 12 kwamba Rais ni mzima na anachapa kazi. Chombo cha taifa kikaichukua kauli hiyo kama ilivyo. Machi 17 usiku Makamu wa Rais akatokea TBC kutangaza msiba. Usiku ule hata wale ambao mwaka mzima walikuwa wanaikejeli TBC waliitafuta TBC, kwa sababu bila tangazo lake hakuna aliyekuwa tayari kuamini.

Kwa hiyo kuiamini tunaiamini, ila kwa namna tunavyouamini ubao wa matangazo wa ofisi ya mtaa. Kilichobandikwa pale kimetoka kwa wenye mamlaka, muhuri upo. Imani hiyo ina historia. Wazee wetu walikulia kwenye matangazo ya vifo ya Redio Tanzania Dar es Salaam, redio ya taifa ya enzi hizo. Jina la marehemu likisomwa, ndugu wa Sengerema au Ukerewe anafunga mzigo, anasafiri. Hakuna aliyekuwa anauliza habari hii imethibitishwa na nani.

Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Tukabaki na redio na televisheni. Novemba 3 tukaangalia mubashara kiapo cha Rais kutoka Dodoma, kwenye uwanja wa jeshi ambao wananchi hawakuruhusiwa kuingia. Bando liliporudi, picha zilizoanza kuingia kwenye simu hazikufanana na nchi niliyokuwa nimeonyeshwa wiki ile. Matangazo tuliyapata, tena kwa wakati. Habari zenyewe ndizo hazikuwepo.

Sasa usimlaumu sana mtangazaji. Mkurugenzi Mkuu wa shirika anateuliwa na Rais, na katika nchi hii kila mteule anajua mkeka, ile orodha ya walioteuliwa na waliotenguliwa, unaweza kutoka usiku amelala. Tido Mhando alitoka Idhaa ya Kiswahili ya BBC akaja kuongoza shirika letu. Katika uchaguzi wa 2010 wagombea wa majimboni walikuwa wanakutanishwa kwenye mdahalo, wananchi wanauliza. Uchaguzi ulipokwisha, mkataba wake haukuongezwa. Januari 2016 waziri mwenye dhamana ya habari, Nape Nnauye, akatangaza kwamba TBC haitarusha tena vikao vya Bunge mubashara siku nzima, sababu ni gharama, shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Pesa nyingi, sikatai. Ila mikutano ya viongozi na uzinduzi wa miradi sijasikia ikipigiwa hesabu hizo.

Na hawa wa nje? Angalia walivyokuja. BBC ilianza kutangaza kwa Kiswahili 1957, Radio Peking 1961, Sauti ya Amerika 1962, Deutsche Welle 1963. Wote ndani ya miaka sita, wakati bendera zinashushwa na zingine zinapandishwa. Kiswahili tulikuwa nacho tayari. Walikuwa wanatutafuta sisi. Tofauti yao wanaionyesha zaidi wanapozungumzia kwao. BBC iligombana na serikali ya Tony Blair kuhusu vita vya Iraki mpaka Januari 2004 mwenyekiti wake na mkurugenzi mkuu wakajiuzulu. Waliumia, lakini swali lilikuwa limeshaulizwa. Kwenye redio ya China utapata mengi mazuri kuhusu wajenzi wa daraja letu la Kigongo–Busisi, na ni haki yao, wamejenga. Ukitaka kumsikia mtangazaji wao akikibana chama tawala cha Beijing, lete godoro, utakesha. Na hata ukuta mzuri kati ya serikali na chumba cha habari unaweza kubomolewa na mwenye nyumba: Machi 2025 Rais Trump alisaini amri dhidi ya shirika mama la Sauti ya Amerika, wafanyakazi wakapelekwa likizo ya lazima, na idhaa tuliyoizoea ikanyamaza.

Kuna wanaoniambia dawa ni vyombo binafsi. Jamani, sisi ni watu wa Mwanza, hili tunalijua kuliko wengi. Star TV na Radio Free Africa ni za hapa kwetu, na mwasisi wake Anthony Diallo amekuwa mbunge na waziri wa serikali ya CCM. Tena 2010, huku ana redio na televisheni, aliangushwa Ilemela na mgombea wa Chadema. Anayesema wananchi wanamezeshwa tu kila kinachorushwa angefikiria hilo.

Halafu kuna bahasha. Waandishi wengi wa mikoani wanalipwa kwa habari, si kwa mwezi, na malipo yenyewe hayafikishi mtu hata Nansio na kurudi. Anayewapa nauli ni mwenye mkutano. Ofisi ya serikali ikiita, shirika lisilo la kiserikali likiita, kampuni ikiita, watakuja, na kesho vyombo vitano vina habari moja yenye maneno yale yale. Hapo hakuna senti ya ruzuku ya serikali, na swali bado halijaulizwa. Kwa upande mwingine TBC inastahili pongezi: masafa yake yanafika visiwani ambako mfanyabiashara wa matangazo haoni faida. Ndiyo sababu sitaki ifutwe. Nataka mkurugenzi wake athibitishwe na Bunge, awe na muhula unaojulikana, na asiweze kuondolewa bila sababu iliyotajwa hadharani. Kodi ni yetu, hata ya mchuuzi wa samaki anayekatiwa risiti ya ushuru pale soko la samaki la Mwaloni.

Mpaka hilo litokee, redio ya TBC Taifa naifungua nikitaka kujua nani ameteuliwa na nani ametenguliwa. Jioni nasikiliza DW au BBC kwa mambo ambayo hapa yamepitwa, nikikumbuka kwamba na wao wanachagua. Bei ya dagaa hakuna kati yao anayeipatia. Hiyo nampigia mama mdogo, yuko Mwaloni tangu alfajiri.