Gramu 180 si kipimo cha sauti

Makala moja niliyosoma inasifu matoleo mapya ya albamu za jazi kwa sababu ni santuri za gramu 180. Uzito huo husaidia sahani isipinde kirahisi, basi. Sauti huamuliwa na kanda ya kurekodia iliyotumika kama chanzo na fundi aliyechonga mifereji ya sauti kwenye sahani.

Tazameni Kind of Blue, albamu ya mpiga tarumbeta wa jazi Miles Davis. Katika kikao cha kurekodi cha tarehe 2 Machi 1959, mashine kuu ya kurekodia ilizunguka polepole kidogo. Kanda yake ilipochezwa kwa kasi sahihi, nyimbo tatu za upande wa kwanza zikatoka haraka na juu kuliko zilivyopigwa, karibu robo toni, yaani nusu ya pengo kati ya kitufe kimoja cha piano na kinachofuata. Ukipiga piano sambamba na santuri hiyo utadhani piano yako ndiyo mbovu. Kosa lilisahihishwa 1992 kwa kanda ya akiba, iliyorekodiwa na mashine nyingine wakati uleule. Yaani chapa ya kwanza, ile ya bei mbaya, ndiyo yenye kasoro!

Kwa hiyo someni jalada: je, linasema sahani imetokana na kanda asilia? Epukeni pia chapa za miaka ya 1960 za mono (sauti ya njia moja) iliyogeuzwa stereo (sauti ya njia mbili, kushoto na kulia) kwa ujanja wa umeme; besi hutupwa upande mmoja, matoazi upande wa pili. Tafuteni mono yenyewe. Na tundu la sahani likiwa limehama katikati, noti ndefu za piano huyumba. Sindano mpya haitasaidia, irudisheni sahani ilikonunuliwa.