Inchi saba za kona kwa kona

Mimi ni fundi seremala, niko Keko, Dar es Salaam, na riziki yangu yote imekaa kwenye tepu. Ukiniagiza kitanda cha tano kwa sita, nakupa futi tano upana, futi sita urefu. Hadithi sikupi. Sasa nieleze ndugu yangu, nani aliwaruhusu hawa wauza vishikwambi, yaani tableti, kupima kioo kwa mshazari?

Kijana wa Kariakoo aliniwekea viwili kwenye kaunta. "Mzee wangu, hiki inchi saba, kile inchi kumi. Tofauti inchi tatu tu, lakini bei ya kile inakaribia mara mbili." Nikapiga hesabu ya haraka kichwani, nikaona inchi tatu haziui mtu. Nikalipa laki mbili na ishirini baada ya kuvutana kuanzia laki tatu, nikaondoka najiona mjanja.

Kufika kibandani nikatoa tepu. Upande mrefu, inchi sita kasoro. Upande mfupi, inchi tatu na robo tatu haifiki. Ile saba iko wapi? Nikakigeuza, nikapima na fremu ya plastiki, wapi. Kijana wangu wa kazi akanionea huruma: "Bosi, hivyo vinapimwa kona kwa kona."

Kona kwa kona! Mimi kona kwa kona napima kuhakiki kama fremu imekaa skwea, basi. Siuzii. Ningekuwa nauza kwa mtindo huo, kitanda cha tano kwa sita ningekiita cha futi saba na karibu inchi kumi, na mwenye miguu mirefu angelala nusu yake iko sebuleni, halafu angekuja Keko na polisi. Kumbe hata ile "tofauti inchi tatu tu" ilikuwa kiini macho. Vioo viwili vyenye umbo moja, cha saba kina nusu ya eneo la kile cha kumi. Nusu! Zidisha saba kwa saba, zidisha kumi kwa kumi, uone mwenyewe. Nimeuziwa kitanda cha mtu mmoja kwa maneno ya kitanda cha wawili.

Lakini tamaa yenyewe niliipata wapi? Kwenye sensa. Agosti 2022 karani alifika kwangu na kidude mkononi, anagusa tu, hana karatasi, hana peni sikioni. Anauliza mko wangapi, mimi namuuliza hiki kinaitwaje. Anauliza umri wa mke wangu, mimi nauliza chaji inakaa muda gani. Ndiye aliyenifundisha neno "kishikwambi". Mpaka siku ile mimi nilikuwa nasema tableti, na mama mkwe akisikia anauliza naumwa nini. Sensa ikaisha, tukatangaziwa tuko watu 61,741,120, vile vishikwambi wakagawiwa walimu, mimi nikabaki na wivu. Nikawaza: wateja wangu wanataka kuona picha za makabati. Kompyuta mpakato siwezi kuiweka katikati ya vumbi la mbao. Simu yangu ni ndogo, mteja akiangalia picha ya sofa haoni kama ina mikono. Kitu cha katikati ndicho dawa.

Tatizo la kwanza la kitu cha katikati ni vidole vyangu.

Miaka ishirini na mbili nashika randa na patasi. Ncha za vidole zimeota sugu, msumari mdogo hauingii. Nikagusa kioo, kimya. Nikagonga, kimya. Kijana wangu akigusa kwa kidole chake laini kama cha mtoto wa benki, kinafunguka hapo hapo. Nikajua nimeuziwa kibovu, nikavaa viatu kurudi Kariakoo. Binti yangu aliye chuo ndiye aliyenizuia. Akanieleza kwamba vioo hivi havisikii mgandamizo, vina umeme wao mdogo ambao kidole cha mtu kinauvuta, na sugu kavu inauzuia, kama vile umevaa glavu. Halafu akacheka peke yake, akanipa kisa cha yule Steve Jobs wa Apple. Oktoba 2010 bwana huyo aliwasema vibaya wenzake waliokuwa wanatengeneza vishikwambi vya inchi saba. Akasema vitakufa kabla ya kuishi, na kwamba labda viuzwe pamoja na msasa, ili mnunuzi ajisugue vidole mpaka vibaki robo.

Msasa! Mtu ana mabilioni yake kule Marekani, na bado anazungumza lugha ya Keko.

Binti alikuwa anatania. Mimi nilishanyanyuka. Msasa namba 80 ungenitoa damu, nikachukua namba 240, ule wa kumalizia kabla ya vanishi. Nikajisugua kidole cha shahada taratibu kwa kufuata nyuzi, kama mninga. Nikapuliza vumbi. Nikagusa. Kikafunguka! Tangu siku hiyo kila Jumatatu asubuhi najipiga msasa vidole viwili, na mke wangu amekubali kuishi na mimi hivyo hivyo. Jobs alifariki Oktoba 2011, na mwaka mmoja baadaye Apple hao hao wakatoa iPad mini ya inchi 7.9, gramu 308, na kwenye boksi msasa haumo. Huko ndiko kumgeuka marehemu.

Sasa nisiwe mchoyo wa sifa, kitu kina uzuri wake. Ni chepesi. Nakishika mkono mmoja, mkono wa pili una tepu. Kinaingia mfuko wa mbele wa ovaroli. Umeme ukikatika, mashine ya randa inanyamaza, kinywaji kwenye friji la jirani kinachemka, chenyewe kinaendelea mpaka jioni. Usiku nikilala ndani ya chandarua nakisoma kwa raha kabisa, magazeti, hotuba, hesabu za mbao, mpaka usingizi unichukue. Hapo kinaniangukia puani. Kile cha inchi kumi kingenivunja pua, hiki kinaniamsha tu. Hiyo naihesabu ni sifa.

Lakini saiti, jamani. Nilikwenda kwa mteja, mama mmoja anamalizia nyumba, tumesimama uani saa saba mchana, jua limesimama utosini. Nikamwonyesha kabati la milango sita, kazi safi, vitasa vya shaba. Akakiinamia kioo kwa makini sana, akatikisa kichwa kushoto, akatikisa kulia. Nikajua biashara imekubali. Kumbe anajitazama. Kwenye jua kile kioo kinageuka kioo cha kweli. Akapanga ushungi wake, akanirudishia, akasema, "Ahsante fundi. Kabati liko wapi?" Tukaingia ndani, tukajifunika khanga wote wawili ili picha ionekane, na mume wake akatokea. Sitaki kuendelea na habari hiyo.

Halafu nafasi. Kimeandikwa GB 16 mgongoni. Kukifungua, chenyewe kinasema kina kumi na kitu. Zingine zimekwenda wapi? Eti kiwandani wanahesabu kwa elfu moja moja, kishikwambi kinahesabu kwa 1,024, halafu mfumo wenyewe umeshajikatia kiwanja kabla hujaingia. Nimezoea lumbesa mimi, mkulima anaonewa, gunia linajazwa mpaka linavishwa kofia. Hii ni lumbesa ya kinyume. Gunia limeandikwa kilo mia, ndani kuna sabini, na mwenye duka bado anataka ushukuru. Nikaweka picha za makabati, nikaweka video mbili za Waitaliano wanachonga miguu ya meza, kikasema kimejaa. Na hata kabla hakijajaa, ukifungua picha na kikokotoo kwa pamoja kinaanza kuzungusha kile kiduara. Binti anasema stoo ya kuhifadhia ni kitu kingine na meza ya kazi, wao wanaiita RAM, ni kitu kingine, na meza ya hiki ni ndogo, ina GB 1. Sawa. Lakini mimi meza yangu ikiwa ndogo naweka mbao chini, naendelea. Sikai katikati ya kibanda nazunguka huku mteja anasubiri.

Kinachukua laini, kwa hiyo kinapiga simu. Nilijaribu mara moja ndani ya daladala la Mbagala. Konda akauliza kwa sauti, "Mzee, huyo unaongea naye kwa kibao cha chapati anashuka wapi?" Gari zima likacheka, na mimi nikashuka Mtoni kabla ya kituo changu.

Kuandika ndiyo usiseme. Kibodi ikijitokeza inakula nusu ya kioo, na kioo chenyewe kilishakuwa nusu, kwa hiyo naandikia kwenye robo. Tena Kiswahili hakijui na hakitaki kujua. Kinasahihisha. Nilimwandikia baba mkwe, mzee wa heshima zake, haji yule, meseji niko nayo mpaka leo: "Shikamoo baba, mzigo umefika salama." Nikabonyeza, nikaenda kupiga gundi. Kurudi, hakuna jibu. Nikasoma nilichotuma. Imeandikwa "Shikamoo babe." Mzee alikaa kimya siku nne. Siku ya tano alinijibu neno moja tu, "Marahaba," na siku hizi akitaka kitu anampigia binti yake.

Yote hayo ningeyameza. Lisilomezeka ni kwamba kitu hiki hakikai. Kile kikubwa kingekaa mezani kwa uzito wake, na simu inakaa mfukoni kwa udogo wake. Hiki ni kidogo kiasi cha kubebeka na kila mtu, na ni kikubwa kiasi cha kila mtu kukitamani. Kinaingia kwenye mkoba wa mama watoto, amekwenda nacho kwenye kikoba kuonyesha vitambaa. Kinaingia kwenye begi la mdogo wa mwisho. Shemeji akija Jumapili kinaondoka naye "kuangalia mpira kidogo" na kurudi Jumanne, chaji asilimia mbili. Nimekuta katuni za paka katikati ya makabati yangu. Mteja anasogeza picha kwa kidole, dressing table, kabati la vyombo, paka anapigwa na sufuria. Akaniuliza huyo naye bei gani.

Nikasema mimi fundi, nitalimaliza kifundi. Nikachukua kipande cha mninga kilichobaki kwenye mlango wa mtu, nikachonga fremu nzuri, unene inchi moja na nusu, nikakipachika humo. Fremu nikaifunga kwa skurubu nane kwenye stuli ya mkongo. Tundu la chaji nikaliachia nafasi pembeni. Nikapiga msasa, nikapiga vanishi mara mbili. Gramu mia tatu na hamsini zikawa kilo saba na ushee, nimepima kwa mwenye duka la nafaka. Mama watoto akaizunguka, akashika kiuno. "Baba, si ungenunua televisheni tu?" Sikumjibu. Fundi hajibu kila swali.

Wiki nzima nilikula raha. Natoka kazini, nakaa, nainama kwenye stuli yangu, nasoma. Hakuna wa kuniibia.

Jumamosi iliyopita nimerudi saa moja usiku. Kishikwambi hakipo. Na stuli haipo. Nikatoka nje nauliza, mwenye genge akanionyesha kwa mdomo upande wa barabara. Wamekipitisha pale, akasema, shemeji mbele, wanangu wawili nyuma, wamekiinua mabegani taratibu kama wanakwenda kuzika, na mama mmoja mpita njia alisimama, akavua ndala.