Mnara wa Beit-el-Ajaib: urudi au uachwe?

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ya Beit-el-Ajaib, jumba la kale la masultani katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa, na mafundi wawili waliokuwamo kwenye kazi ya ukarabati wakafariki. Ukizungumzia kulijenga upya jumba hilo, huwezi kukwepa swali la mnara: usimame tena, au jengo lirudi kama alivyoliacha Sayyid Barghash, sultani aliyelijenga?

Barghash hakuujenga mnara ule. Jumba lake la 1883 lilikuwa na nguzo za chuma na baraza pana kila ghorofa. Mnara wa taa ulisimama peke yake mbele, upande wa bahari. Kisha ikafika tarehe 27 Agosti 1896. Saa tatu asubuhi manowari za Waingereza zilianza kupiga mizinga ili kumng'oa Khalid bin Barghash, aliyejitawaza kuwa sultani siku mbili kabla. Haikupita saa nzima, na watu wapatao 500 wa upande wake walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Beit-al-Hukm, jumba lililokuwa jirani, ikaharibiwa, na mnara wa taa nao ukaharibika hadi ukabomolewa. Matengenezo yaliyofuata ndiyo yaliyoupachika mnara wa saa usoni mwa Beit-el-Ajaib.

Kwa hiyo wanaotaka sura ya 1883 wana hoja nzito. Mnara ni kiraka cha baada ya mizinga, umebandikwa kwenye jengo ambalo halikupangwa kuubeba. Kama tunajenga upya, kwa nini tusimrudishie fundi wa mwanzo kazi yake?

Hata hivyo siafikiani nao. Mji Mkongwe uliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000 ukiwa na mnara huo, na hakuna aliye hai leo aliyewahi kuliona jumba bila ya mnara kabla halijaanguka. Kubwa zaidi ni 1896 yenyewe. Ukitembea Forodhani, mbele ya jumba hilo, ni kipi kinachokuonyesha pale palipopigwa? Mnara ulikuwa kovu la asubuhi ile. Tukiufuta, jumba litapendeza kana kwamba halikuguswa na mtu.

Basi urudi, ila ujengwe ukiwa na msingi wake wenyewe, usilielemee jengo. Na majina ya mafundi wale wawili yaandikwe chini yake, juu ya jina la sultani yeyote.