Kwetu vyama hufa, huku havifi

Aprili 2024 nilitoka zamu ya usiku, macho mazito, nikapitia kituo cha kura hapa Pennsylvania, Marekani. Ilikuwa siku ya mchujo, vyama kuchagua wagombea wao. Mama wa makamo aliyeshika daftari akalitafuta jina langu, akalipata, halafu akanitazama kama anayetaka kunipa pole. Nilipojisajili niliandika sina chama. Basi sina karatasi. Huku mchujo ni wa wenyewe: wa Democratic kwa wao, wa Republican kwa wao, na sisi wengine tungoje Novemba tuletewe waliokwisha kuchaguliwa. Nikarudi garini na sare yangu ya kazi, nikacheka peke yangu.

Nilicheka kwa sababu ya binamu yangu. Mwaka 2021 Wakenya walipoanza kuchungulia kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kuona kama wana chama, yeye alijikuta mwanachama wa chama ambacho hakuwahi kukanyaga hata mkutano wake. Mimi nimefungiwa nje kwa kutokuwa na chama, yeye kapewa chama bila kuombwa.

Nilipokuja huku nilivionea wivu vyama vyao. Kwetu chama ni matatu, ukifika steji unashuka. KANU, iliyotawala tangu uhuru, ilipoangushwa 2002 tuliimba NARC ya Kibaki, na kufikia uchaguzi wa 2007 rais yuleyule alikuwa anagombea kwa PNU, chama cha miezi michache. TNA na URP wakaja 2013, wakamezwa na Jubilee 2016, na 2022 Jubilee yenyewe ikawa gofu, UDA ikaingia ikulu. Abiria ni wale wale. Huku, kila rais aliyeapishwa tangu 1853 ametoka katika vyama hivi viwili. Nikadhani huo ndio ukomavu.

Siku hizi naona vingine. Chama kinachojua hakitakufa hakikuogopi. Kitakukosea, na kitakuambia: haya, nenda kwa yule mwingine, tuone. Na kweli huendi. Mwaka 1992 Ross Perot alipata karibu asilimia 19 ya kura za wananchi, lakini kati ya zile kura 538 za wajumbe wanaomchagua rais hakupata hata moja, maana karibu kila jimbo humpa anayeongoza zote. Tangu hapo ukitaja mgombea wa tatu unaambiwa unampa adui kura. Sisi angalau katiba ya 2010 inadai nusu ya kura na moja zaidi, pamoja na robo ya kura katika kaunti 24, la sivyo kuna duru ya pili. Hilo hatujisifii vya kutosha.

Halafu kuna vipeperushi. Ikifika Oktoba sanduku langu la barua halifungi: karatasi nzito zinazong'aa, huyu kapigwa picha ya giza kama jambazi, yule anabeba mtoto. Simu inaita usiku, ujumbe unaanza kwa jina langu la kwanza kana kwamba tulisoma pamoja. Rafiki yangu aliye California hapati hata kimoja. Jimbo lake lina kura 54 za wajumbe, letu 19, lakini lake linajulikana litaangukia wapi, kwa hiyo hakuna anayemsumbua kumwomba. Wanaobembelezwa ni sisi wa majimbo machache yanayoyumba, na hata sisi ni kwa wiki sita tu.

Mjomba wangu nyumbani aliacha kusalimiana na jirani yake tangu kura ya 2022, mmoja UDA ya Ruto, mwingine ODM ya Raila. Hata kwenye mazishi walikaa hema tofauti. Juni 2024 vijana wakafa barabarani wakipinga Mswada wa Fedha. Mwezi uliofuata watu wa ODM wakateuliwa mawaziri, na Machi 2025 vigogo hao wawili wakatia saini mkataba pale ukumbi wa KICC, Nairobi. Serikali jumuishi, wakaiita. Nusu mkate ule ule wa 2008, mahasimu kugawana serikali. Mjomba na jirani hawakualikwa.

Juzi akaniuliza kwa simu, "Na hao wa huko, wakimaliza kura hupeana mikono?"

"Siku hizi hata hawatazamani, mjomba."

Akanyamaza kidogo. "Afadhali. Unajua uliyemkasirikia yuko wapi."

Sikumwambia kwamba mwezi uliopita nilijaza fomu nikachukua chama, ili nipate ile karatasi ya mchujo. Angeuliza kipi.