Ubingwa wa uwanjani, nafasi za mezani

Shabiki wa soka anaujua ushindi wa mezani: mchezo haukufanyika, au ulivurugika, wakubwa wakajifungia chumbani na kanuni zao wakaamua pointi ziende kwa nani. Hakuna anayeusherehekea kwa moyo mweupe. Mpeleke shabiki huyo Marekani kwenye futiboli ya vyuo vikuu, ile ya mpira wenye umbo la yai, atakuta meza ndiyo utaratibu wenyewe. Shirika la habari la Associated Press lilianza kupigisha waandishi wa michezo kura za kila wiki mwaka 1936, na tangu hapo wanachobadilisha ni watu wanaoizunguka meza.

Sababu ya kuwapo kwake inaeleweka. Ligi Kuu ya Uingereza ina timu 20, kila moja inakutana na kila nyingine nyumbani na ugenini, na baada ya michezo 38 msimamo umejipanga wenyewe. Daraja la juu la futiboli ya vyuo lina timu zaidi ya 130, na kila moja hucheza michezo 12 tu katika msimu wa kawaida, mingi ikiwa ndani ya konferensi yake, yaani ligi ndogo ya timu kumi na kitu. Timu mbili zinazogombea nafasi moja huenda hazijakutana kabisa, wala hazina mpinzani ambaye zote zimecheza naye. Lazima kuwe na namna ya kukadiria.

Ugomvi unaanza pale wanapokadiria vitu viwili tofauti na kuviita jina moja. Kuna anayeuliza nani ni bora, yaani zikikutana kesho nani atashinda. Kuna anayeuliza nani amestahili, yaani nani amefanya makubwa zaidi mpaka leo. Desemba 2023 maswali haya mawili yaligongana hadharani.

Florida State walimaliza na ushindi 13, bila kupoteza hata mchezo mmoja, wakiwa mabingwa wa konferensi ya ACC. Lakini Novemba 18 mchezeshaji wao (quarterback, anayerusha mipira na kuongoza mashambulizi), Jordan Travis, alivunjika mguu. Wakawapiga Florida 24–15 wakiwa na mchezeshaji wa akiba, kisha wakachukua ubingwa wa konferensi kwa kuifunga Louisville 16–6 wakiwa na kijana wa mwaka wa kwanza. Kamati ya watu 13 inayopanga timu, inayokutana hotelini Grapevine, Texas, ilikuwa na nafasi nne za mtoano wa kumtafuta bingwa wa taifa. Ya nne wakapewa Alabama, waliopoteza mchezo mmoja lakini walikuwa wametoka kuwafunga Georgia, namba moja, 27–24. Travis akaandika mtandaoni kwamba laiti mguu wake ungevunjika mapema zaidi msimu ule, watu wangeona timu ile si mchezeshaji peke yake.

Kamati haikuvunja sheria. Miongozo yake inairuhusu kuzingatia wachezaji muhimu wasiokuwepo. Wanaoitetea wana hoja ya pili, nzito zaidi: baadaye Florida State walikutana na Georgia kwenye Orange Bowl, mchezo wa kufunga msimu nje ya mtoano, wakala 63–3. Hoja hii ingenishawishi kama wachezaji wengi wa Florida State wasingekuwa wamesusia mchezo ule. Na Alabama wenyewe? Wiki moja kabla ya kuwafunga Georgia walikuwa nyuma dhidi ya Auburn, wamebakiwa na jaribio moja tu, na mstari wa goli uko yadi 31 mbele yao. Mpira ukarushwa, ukadakwa, wakashinda 27–24. Ukishaanza kupima timu kwa namna itakavyocheza mwezi ujao, sijui unaishia wapi. Kazi hiyo waachiwe wanaobeti.

Hata hivyo, kuhesabu ushindi peke yake nako hakutoshi. Timu ikijaziwa vibonde kwenye ratiba itamaliza safi kila mwaka, na anayethubutu kuwafuata vigogo ataadhibiwa kwa kuthubutu kwake. Mwaka 2024, wakati mtoano umeshapanuliwa hadi timu 12, Alabama waliachwa nje wakiwa na vipigo vitatu huku Indiana, waliopoteza mmoja, wakiingia. Kilio cha watu wa Alabama kilikuwa hiki: basi mwakani sote tutafute vibonde. Si kilio cha kupuuzwa.

Je, hesabu inaweza kupima yote mawili kwa pamoja, ushindi na uzito wa mpinzani? Inaweza. Kanuni ya Wesley Colley, iliyokuwa moja ya kompyuta sita za BCS, mfumo wa kupanga timu uliotumika kabla ya kamati, kuanzia 1998 hadi 2013, ni fupi kiasi cha kuandikwa kwenye kiganja. Kila timu inaanza na 0.5. Chukua 1, ongeza nusu ya tofauti kati ya michezo iliyoshinda na iliyopoteza, ongeza jumla ya alama za wapinzani wake wote, kisha gawanya kwa idadi ya michezo ukiongeza 2.

Tuseme timu imeshinda yote 12 dhidi ya wapinzani wenye wastani wa 0.4. Inapata 1 + 6 + 4.8, ambayo ni 11.8, gawanya kwa 14, ni 0.84. Nyingine imeshinda 11 na kupoteza 1, lakini wapinzani wake wana wastani wa 0.6: 1 + 5 + 7.2, ni 13.2, yaani 0.94. Aliyepoteza anapita juu, na kila mtu anaona kwa nini. Kwa kuwa alama ya kila timu inategemea za wenzake, zote hutafutwa kwa pamoja, na hapo ndipo kompyuta inapohitajika.

Kanuni hii haiangalii idadi ya pointi za ushindi, na hilo lina gharama: ushindi wa pointi 1 na wa pointi 40 ni sawa. BCS yenyewe iliziondoa tofauti za pointi kwenye kompyuta zake kuanzia msimu wa 2002, zisije timu zikawanyonga wanyonge kwa makusudi. Mimi naipenda kanuni ya Colley kwa kitu kingine: ilikuwa wazi. Mwaka 2010 kuna mchezo wa timu za daraja la chini uliosahaulika kwenye data zake. Mchambuzi mmoja kutoka nje akarudia hesabu, akaliona kosa, na LSU na Arkansas wakabadilishana nafasi ya 10 na ya 11. Kamati ikisahau mchezo, nani atairudia hesabu yake?

Mwaka 2025 Miami na Notre Dame walimaliza msimu wote wakiwa na ushindi 10 na vipigo 2. Agosti 31 Miami walikuwa wamewafunga Notre Dame 27–24. Kamati iliwaweka Notre Dame juu wiki baada ya wiki, kisha Desemba 7, baada ya mwishoni mwa juma ambapo timu hizo mbili hazikucheza kabisa, ikawageuza: Miami wa 10 na ndani, Notre Dame wa 11 na nje, kwa kuwa nafasi mbili za mwisho kati ya 12 zilikuwa za mabingwa wa konferensi waliopangwa chini yao. Maelezo yao ni kwamba BYU, waliokuwa katikati ya hizo mbili, walifungwa wakashuka, ndipo Miami na Notre Dame wakapimwa ana kwa ana. Sisemi kanuni ya Colley ingewapa Miami nafasi ile. Mchezo mmoja ni mmoja tu kati ya 12. Ila ungekuwa umeshahesabiwa usiku uleule wa Agosti 31.