Mateso Yaliwanyima Haki Waliozika Ndugu Zao

Katika kijiwe cha kahawa hapa Mwanjelwa, mzee mmoja ninayemheshimu sana alisema kwamba gaidi akishakamatwa hahitaji wakili wala hakimu, na karibu wote waliokuwapo wakamuunga mkono. Kauli hiyo iliniuma, kwa maana sisi Watanzania tumekwishaona gharama yake.

Tarehe 7 Agosti 1998 bomu liliua watu 11 katika ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam. Mtanzania Ahmed Khalfan Ghailani alikamatwa Pakistan mwaka 2004, lakini badala ya kufikishwa mahakamani alifichwa katika magereza ya siri ya CIA, shirika la ujasusi la Marekani, kisha akapelekwa Guantánamo, gereza la jeshi la Marekani lililoko Cuba. Kesi yake iliposikilizwa New York mwaka 2010, Jaji Lewis Kaplan alimkataa shahidi muhimu, mtu aliyedaiwa kumuuzia baruti, kwa sababu jina lake lilipatikana kwa kumshurutisha mshtakiwa katika mahojiano. Kati ya mashtaka zaidi ya 280, alitiwa hatiani kwa moja tu, la kula njama ya kuharibu majengo na mali za Marekani. Katika mashtaka yote ya mauaji aliachiwa. Nakubali kwamba alifungwa maisha, lakini familia zilizozika ndugu zao zilistahili kusikia mahakama ikitamka nani aliwaua, na waliozinyima haki hiyo ni wale waliomhoji gizani wakidhani sheria inawachelewesha.

Mwenzake katika shambulio hilo la Dar es Salaam, Khalfan Khamis Mohamed, alikabidhiwa kwa Wamarekani kutoka Cape Town mwaka 1999, na Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ikatamka mwaka 2001 kwamba serikali yake ilivunja sheria kwa kutodai kwanza ahadi kwamba hatapewa adhabu ya kifo.

Siwasahau askari 8 waliouawa Kibiti Aprili 2017, na najua hasira ya wenzao ni halali. Hata hivyo, mwaka 1976 tulijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, unaotaka mtuhumiwa aliye mahabusu ahukumiwe katika muda unaofaa au aachiwe. Masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walisota rumande miaka mingi kwa tuhuma za ugaidi hadi mashtaka yalipofutwa Juni 2021, bila hukumu ya kuwatia hatiani wala ya kuwasafisha. Naliomba Bunge liweke kikomo cha upelelezi katika kesi za ugaidi, na kikomo hicho kimfunge Mkurugenzi wa Mashtaka mwenyewe.